Kichurachura Si Elimu: Kipindi cha Michezo Kilichofia Kwenye Ratiba

Mwaka juzi nilitumwa katika shule moja ya msingi kukagua walimu tarajali waliokuwa kwenye mazoezi ya kufundisha. Ilikuwa Jumatano. Ukutani mwa ofisi ya Mwalimu Mkuu palibandikwa ratiba ya masomo iliyoandikwa kwa wino wa rangi tatu, na mbele ya Darasa la Tano, kipindi cha mwisho, palisomeka neno "Michezo". Nikasema ningependa kukiona kipindi hicho. Mwalimu Mkuu, mtu mwungwana aliyekuwa amebakiza miaka michache kustaafu, alinitazama kwa huruma, akasema: "Dokta, hicho ni kipindi cha Wathibiti Ubora." Alimaanisha kwamba kimewekwa pale ili wakija wakione. Saa ilipofika, Darasa la Tano walikuwa wanafanya jaribio la Hisabati.

Hata hivyo, siku hiyo hiyo niliwaona watoto wakitumia viungo vyao. Asubuhi, mbele ya madarasa, watoto kumi waliochelewa namba walikuwa wamechuchumaa, mikono imeshika masikio, wanaruka kichurachura kuuzunguka mlingoti wa bendera. Mmoja alikuwa analia. Mwalimu wa zamu alisimama kivulini na fimbo yake, akihesabu mizunguko. Niliporudi nyumbani jioni nilijiona mjinga kwa kuuliza kama shule zetu zinafundisha elimu ya viungo. Zinaifundisha kila siku ya Mungu, kwa vifaa vilivyopo na mwalimu aliyepo. Zinaifundisha kama adhabu.

Tuorodheshe mtaala huo usioandikwa, maana kila msomaji wa safu hii ameupitia. Kuruka kichurachura. Kupiga pushapu. Kukimbia kuuzunguka uwanja mara kumi. Kukaa mkao wa kiti kisichokuwapo, mgongo ukiegemea ukuta, mpaka mapaja yatetemeke. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo ambacho mkufunzi wa riadha hangeweza kukitumia, kwa kipimo sahihi na kwa mtoto mwenye umri sahihi, kuimarisha misuli na pumzi. Sisi tumevichukua tukavipaka fedheha. Mtoto anayeanza Darasa la Kwanza akiwa anakimbia kwa sababu kukimbia ni raha, anamaliza shule ya msingi akiwa amejifunza kwamba anayekimbia ni mkosaji na anayekaa ni mwema. Kisha tunashangaa kuona msomi wa miaka thelathini na mitano anayepanda bodaboda kwenda mita mia tatu.

Nieleweke vizuri. Sisemi kwamba viboko ni afadhali. Lakini kanuni za adhabu ya viboko, kwa namna zilivyorekebishwa mwaka 2002, angalau zinaweka mpaka: visizidi vinne, atoe Mwalimu Mkuu au aliyeidhinishwa naye kwa maandishi, na viandikwe kitabuni. Mtu anaweza kuzipinga kanuni hizo, na mimi nazipinga, lakini zipo na zinasomeka. Kichurachura hakina kitabu. Hakina idadi, hakina umri, hakiulizi kama mtoto ana pumu, ana selimundu, au amekuja shuleni bila kunywa hata uji. Ni adhabu inayojificha katika vazi la mazoezi, na kwa sababu hiyo hakuna anayeihesabu.

Sasa tuitazame elimu yenyewe tunayoinyima nafasi. Katika mazungumzo yetu ya umma, maneno matatu yamechanganywa katika chungu kimoja: mchezo, mashindano na elimu ya viungo. Mchezo ni ule ambao watoto huucheza wenyewe bila kuambiwa: kombolela, rede, mdako, kidali po, kuruka kamba, chandimu ya mpira wa makaratasi na mifuko. Mashindano ni pale tunapowapanga watoto kwa timu na kumtafuta mshindi. Elimu ya viungo ni kazi ya mwalimu: kumfundisha kila mtoto, kwa hatua, namna ya kukimbia, kuruka, kutua, kurusha, kudaka, kujiviringisha, kusimama kwa mizani, kuogelea pale penye maji salama, kupumua, kupumzika, na kuufahamu mwili wake unapochoka na unapougua. Inahitaji andalio la somo kama Hisabati. Ina makosa ya kurekebishwa kama insha. Mtoto asiyejua kudaka mpira akiwa na miaka sita hajakosa kipaji. Hajafundishwa tu, kama vile asiyejua herufi "m" hajakosa akili.

Viongozi wetu wakiulizwa kuhusu elimu ya viungo hujibu kwa neno moja: UMITASHUMTA. Nayaheshimu mashindano hayo. Yamewapa watoto wengi safari yao ya kwanza nje ya wilaya, na kuna wanamichezo waliochomoza humo. Yaliposimamishwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, tulipoteza kitu ambacho hakikurudishwa chote yaliporejeshwa. Lakini tuangalie hesabu. Shule yenye wanafunzi mia nane huchagua wachezaji wa soka, wa netiboli, wa mpira wa wavu na wakimbiaji kadhaa, ambao hawafiki mia moja. Kata huwachuja. Wilaya huwachuja tena. Mkoa hupeleka wachache walionusurika. Wale mia saba waliobaki shuleni tumewapa kazi gani? Kupiga makofi. Mfumo mzima umejengwa kumtafuta yule ambaye tayari anaweza, na kumsahau yule ambaye alihitaji kufundishwa. Hebu tufikirie shule inayofundisha kusoma kwa kuwachagua watoto kumi wanaojua kusoma, kuwapeleka kwenye mashindano ya kusoma mkoani, na kuwaambia wengine wakashangilie. Tungeiita wazimu. Uwanjani tunaiita sera ya michezo.

Wapo wenzangu wa rika langu ambao hapa huanza kulilia zamani. Wanakumbuka mchakamchaka wa alfajiri, nyimbo za kukimbilia, bustani za shule na paredi. Ni kweli kwamba mwaka 1967 ulituletea Elimu ya Kujitegemea na, mwaka huo huo, sheria iliyoanzisha Baraza la Michezo la Taifa. Taifa changa liliamini kwamba mwili wa raia ni jambo la umma. Na ni kweli kwamba mchakamchaka uliwakimbiza wote, mwenye kipaji na asiye nacho, bila kuhitaji kifaa chochote zaidi ya barabara ya vumbi. Katika hilo ulikuwa bora kuliko tulicho nacho leo. Lakini tusipambe. Mchakamchaka ulikuwa na fimbo nyuma yake kwa wanaochelewa. Halaiki za viwanja vya taifa, ambazo mpaka leo tunazitazama kwa fahari kwenye sherehe za kitaifa, ziliwafanyisha watoto mazoezi kwa majuma mengi juani ili maumbo yao yaandike maneno yatakayosomwa na watu waliokaa kivulini jukwaani. Mkoloni aliwafundisha watoto wa Kiafrika gwaride kwa sababu alitaka askari na vibarua watiifu. Sisi tuliurithi mwili huo wa gwaride, tukaubadilishia wimbo. Swali la kwamba mtoto mwenyewe anapata nini katika mwili wake halikuulizwa wakati ule, na halijaulizwa sasa.

Kwenye karatasi, mambo yamesogea. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, katika toleo lake la 2023, imetuletea mtaala mpya ulioanza kutekelezwa Januari 2024, na ndani yake limo somo la Sanaa na Michezo katika shule ya msingi. Nalipongeza jina hilo kuwapo. Lakini nimefundisha walimu kwa muda wa kutosha kujua kitakachotokea ukimpa mwalimu mmoja mwenye darasa la watoto tisini somo lenye nusu mbili, moja ikihitaji penseli na nyingine ikihitaji uwanja, mipira, maji ya kunywa na saa nzima ya kuchunga watoto wasiumie. Atachagua penseli. Watoto watauchora mpira daftarini, wataupaka rangi, na kitabu cha maendeleo ya kazi kitaandikwa kwamba mada imefundishwa. Simlaumu mwalimu huyo. Nawalaumu waliomkabidhi uwanja bila kumwonyesha namna ya kuutumia.

Maana ni nani anayefundisha michezo katika shule zetu za msingi? Mara nyingi ni mwalimu aliyeajiriwa karibuni, kijana, mwanamume, aliyeonekana na raba miguuni. Sifa yake ya kitaaluma ni umri. Nchi hii ina Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina idara ya taaluma hii. Maarifa yapo. Kilichokosekana ni mfereji wa kuyafikisha kwa mwalimu wa Darasa la Pili kule Kakonko au Liwale. Tumekubali kwamba kusoma, kuandika na kuhesabu kwahitaji mafunzo kazini, na serikali pamoja na wafadhili wamemwaga fedha katika semina za KKK. Sijaalikwa hata siku moja kwenye semina ya kumfundisha mwalimu namna ya kumfundisha mtoto kutua chini bila kuvunjika mguu.

Chanzo cha haya yote kinajulikana. Kinaitwa mtihani. Mwanafunzi wa shule ya msingi hupimwa kitaifa Darasa la Nne, kisha hufanya mtihani wa kumaliza, na hakuna karatasi inayouliza kama anaweza kukimbia. Mwaka 2013, kwa jina la Matokeo Makubwa Sasa, shule zilianza kupangwa kwa rangi za kijani, njano na nyekundu kutokana na ufaulu. Mpango ulififia, lakini hofu yake ilibaki kwenye mifupa ya Walimu Wakuu. Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule bora mwaka 2023, hatua ya busara, lakini Afisa Elimu wa Kata bado huitwa kikaoni kueleza kwa nini kata yake imekuwa ya mwisho. Hajawahi kuitwa kueleza kwa nini watoto wake hawachezi. Mtu hufanya kile anachoulizwa. Kipindi cha Michezo kikaliwa na Hisabati, na baada yake kikaliwa muda wa mapumziko, na baada yake Jumamosi, na sasa tuna makambi ya kitaaluma ambamo watoto wa miaka kumi na miwili hukesha wakikokotoa maswali ya kuchagua herufi.

Na hesabu hiyo ya kula muda wa michezo ili kuongeza ufaulu haina ushahidi. Mwaka 2010 kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, CDC, kilichapisha mapitio ya tafiti 50 kuhusu mazoezi ya mwili shuleni na maendeleo ya kitaaluma. Katika mahusiano yote yaliyopimwa, zaidi kidogo ya nusu yalikuwa chanya; karibu nusu nyingine hayakuonyesha tofauti; yaliyokuwa hasi hayakufika mawili katika kila mia. Kwa lugha ya sokoni: ukimpa mtoto muda wa kucheza, ama utapata faida, ama hutapata hasara. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 za mazoezi ya nguvu ya kati hadi kubwa kila siku. Sisi dakika hizo tumezibadilisha kwa jaribio la tatu la wiki, na bado tunalalamika kwamba watoto hawaelewi Hisabati.

Nijibu hoja tatu ambazo najua zitaletwa, kwa kuwa nimeletewa mara nyingi.

Ya kwanza: madawati kwanza, mipira baadaye. Tangu elimu bila ada ilipoanza mwaka 2016, madarasa yamefurika, walimu hawatoshi, vyoo havitoshi. Itakuwaje mtu azungumzie michezo? Nakiri uzito wake. Ruzuku ya uendeshaji tuliyoizoea tangu enzi za MMEM ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na hiyo haifiki yote mkononi mwa shule. Lakini fikra kwamba elimu ya viungo ni anasa ya wenye fedha imegeuza ukweli juu chini. Hili ndilo somo ambalo darasa lililofurika linaweza kulimudu kuliko yote. Watoto tisini hawaenei kwenye chumba cha madawati ishirini, lakini wanaenea uwanjani. Kamba ya katani, tairi chakavu, vifuu, vijiti, mstari wa majivu uliochorwa chini: mwalimu aliyefundwa ana vifaa vya muhula mzima. Bibi zetu walicheza mdako kwa vijiwe na shimo. Umaskini wetu katika somo hili ni wa mwalimu asiyefundwa, na huo una tiba.

Ya pili: mtoto wa kijijini hahitaji mazoezi, anatembea kilomita tano kuja shule, anachota maji, anachunga, analima. Hoja hii hunikera kuliko zote, kwa sababu hutolewa na watu ambao watoto wao hupelekwa kwenye mafunzo ya kuogelea kila Jumamosi. Kazi huuchosha mwili, haiufundishi. Msichana anayebeba ndoo ya lita ishirini kichwani kila alfajiri anatumia shingo na magoti yake kwa ajili ya wengine. Hajawahi kuambiwa kwamba miguu hiyo hiyo inaweza kumpa furaha, wala namna ya kuuinua mzigo bila kuumiza mgongo. Kumwambia mtoto huyo kwamba tayari anafanya mazoezi ya kutosha ni sawa na kumwambia mpagazi kwamba hahitaji matembezi.

Ya tatu: watoto watacheza wenyewe mtaani. Watacheza wapi? Mtaa niliokulia ulikuwa na viwanja vitatu vya wazi. Kimoja sasa ni gereji, cha pili ni fremu za maduka, cha tatu kimezungushiwa ukuta na mwenyewe hajulikani. Barabara ni ya bodaboda. Shule zenyewe zimemegwa: hapa kituo cha mafuta, pale vibanda vya kupangisha ili shule ipate kipato, kule mnara wa simu. Na tukumbuke kwamba viwanja vingi vikubwa vilivyojengwa zamani kwa jasho na michango ya wananchi wote vilibaki mali ya chama kimoja baada ya mfumo wa vyama vingi kurejea mwaka 1992. Nchi iliyoshindwa kurudisha viwanja vya watu wazima haiwezi kumwambia mtoto akatafute chake.

Ndani ya swali la nafasi kuna swali la nani. Nenda shule yoyote mchana utazame uwanja, kama upo. Wavulana wa Darasa la Sita na la Saba wameuchukua wote. Wasichana wa rika lao wamekaa chini ya mti, wamejifunga masweta kiunoni. Hawana pa kubadilishia nguo, hawana maji chooni, sketi ya sare imeshonwa kwa ajili ya kukaa, na kuna mtu nyumbani aliyewaambia kwamba msichana mkubwa harukiruki. Miaka mitatu kabla walikuwa mabingwa wa rede. Shule haikuwakataza kwa maneno. Iliwaacha tu waondoke uwanjani mmoja mmoja, ikaita hali hiyo utulivu. Mtoto mwenye ulemavu yeye hata hiyo miaka mitatu hakuipata. Kazi yake tangu Darasa la Kwanza imekuwa kulinda viatu na mabegi ya wenzake. Tulipoandika Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 tuliyataja mapumziko miongoni mwa haki za mtoto. Tuliridhia mapema zaidi mkataba wa Umoja wa Mataifa ambao kifungu chake cha 31 kinataja kucheza kwa jina. Hatukuandika popote kwamba haki hiyo ni ya wavulana wenye miguu miwili mizima.

Upande wa pili wa mji, katika shule za ada ya mamilioni, kuna bwawa, kuna mkufunzi, kuna kipindi cha viungo mara mbili au tatu kwa wiki na hakuna anayethubutu kukila, maana wazazi wamekilipia. Wazazi hao wanajua kitu ambacho sera yetu inajifanya haikijui. Wanajua kwamba mtoto anayecheza hujiamini, hujua kuongoza, hulala usingizi mzuri. Tunagawa miili kama tulivyogawa shule: kuna watoto ambao mwili wao unalelewa, na kuna watoto ambao mwili wao unatumwa na kuadhibiwa.

Wakati huo huo taifa linaimba michezo kuliko wakati wowote. Pamoja na Kenya na Uganda tutaandaa Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027. Viwanja vinajengwa, na mimi nitakuwa jukwaani nikipiga kelele kama mtu mwingine yeyote. Lakini tujitazame kwa kioo cha kweli. Filbert Bayi alivunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch Februari 1974. Yeye na Suleiman Nyambui walileta medali mbili za fedha kutoka Moscow mwaka 1980, na mpaka michezo ya Paris ya 2024 hizo ndizo zilizokuwa medali zetu zote za Olimpiki. Alphonce Simbu alipotwaa ubingwa wa dunia wa mbio za marathoni Tokyo, Septemba 2025, kwa tofauti ndogo kiasi kwamba ilibidi picha iamue, tulimpokea kwa shangwe kana kwamba sisi ndio tuliomkimbiza. Shujaa anayechomoza mara moja katika kizazi ni ushahidi wa ukaidi wake mwenyewe. Vijana wengine tumewaachia mchezo mmoja tu unaopatikana kila kijiji chenye mtandao: kubeti. Kijana ambaye hakuwahi kufundishwa kuupiga mpira anajua idadi ya kona za timu za Uingereza, na mkeka wake ukichanika anakopa kusuka mwingine. Amefanywa mtazamaji tangu Darasa la Tano. Kampuni za kubahatisha zilimkuta tayari.

Na kuna hasara ambayo haiingii kwenye takwimu za afya wala medali. Uwanja ndiyo mahali pa kwanza ambapo mtoto hukutana na kanuni ambazo hazikutungwa kwa ajili ya kumwonea. Hapo hujifunza kwamba mstari ni mstari, hata kwa mtoto wa mwenyekiti. Hapo hushindwa saa tisa na kurudi kucheza na waliomshinda saa kumi. Hapo huwa mwamuzi kwa zamu, akaonja ugumu wa kumpulizia filimbi rafiki yake. Nchi yenye watu wazima wasiojua kushindwa, waamuzi wanaomtazama mwenye timu kabla ya kupuliza, na washindi wanaotaka kucheza peke yao, ingefaa ijiulize watoto wake walicheza nini na nani aliwafundisha. Siasa zetu zisingetibiwa na kipindi kimoja cha Jumatano, sijafika huko kwa ujinga. Lakini tusitarajie raia wakiwa na miaka arobaini wajue kile ambacho hatukuwaruhusu kujaribu wakiwa na kumi. Samaki mkunje angali mbichi.

Ninachodai si kikubwa, na sehemu yake kubwa haihitaji fedha.

Wizara ipige marufuku, kwa waraka wenye maneno bayana, matumizi ya mazoezi ya mwili kama adhabu. Kichurachura kitajwe kwa jina lake. Gharama yake ni karatasi moja na saini.

Wathibiti Ubora wa Shule wakifika shuleni wasiisome ratiba ukutani. Watoke nje, wakione kipindi, na taarifa yao iseme ni watoto wangapi walicheza, wasichana wangapi, wenye ulemavu wangapi.

Kila shule iwe na angalau mwalimu mmoja aliyepata mafunzo kazini ya elimu ya viungo, kwa utaratibu uleule uliotumika kwa KKK, na vyuo vya ualimu vilifanye somo hili kuwa la lazima kwa kila mwalimu wa shule ya msingi.

Halmashauri zipime na kumilikisha viwanja vya shule kwa hati, ili anayekuja kumega akute mwenye mali.

UMITASHUMTA ianzie darasani: mashindano ya madarasa ndani ya shule, ambamo kila mtoto ana timu, kabla ya kumchuja yeyote kwenda kata. Na sehemu ya mapato ya 2027, itakayotajwa mapema na kwa kiwango, iende kwenye viwanja vya shule za msingi ambavyo hakuna kamera itakayovitembelea.

Wanafunzi wangu mnaosoma ualimu, mtapelekwa mazoezini mwezi ujao. Mtakutana na ratiba yenye neno "Michezo" na mtaambiwa ni la kuonyesha tu. Ombeni mpewe. Hakuna atakayewanyang'anya, maana hakuna anayekitaka. Wanaharakati mnaopigania haki za mtoto, ongezeni haki hii kwenye orodha yenu, mpime viwanja kama mnavyopima matundu ya vyoo. Nawe afisa elimu unayesoma haya ofisini, kiti kimekuchosha mgongo tangu asubuhi, jaribu kukumbuka mara ya mwisho shuleni ulipokimbia kwa sababu ulitaka kukimbia. Ikiwa kumbukumbu inayokuja kwanza ni ya mlingoti wa bendera na mwalimu anayehesabu, basi unajua tunazungumza nini, na unajua pia waraka huo unatakiwa kuanzia meza ipi.